Olumbi Baada ya Jua Kuzama: Kupiga Picha za Michezo ya Ndani Penye Mwanga Hafifu

Olumbi ni makao ya tarafa mojawapo ya wilaya ya Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini kabisa ya pwani ya Msumbiji. Iko kusini mwa mji wa Palma, karibu na nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Njia ya zamani ya mtu atokaye Mtwara ni kushuka hadi Kilambo, kuvuka mto Ruvuma kwa chombo, na kupita Kionga, sehemu ile ndogo ambayo Wareno waliwanyang'anya Wajerumani mwezi Aprili 1916. Kisha hufika Palma na kuendelea kusini. Wenyeji wa ukanda huo husema Kimakwe na Kimwani, na Kiswahili wanakielewa vema. Msafiri wa kutoka Lindi au Mtwara hapati taabu ya kuomba maji wala ya kuuliza njia. Ataona minazi, mihogo, vyombo vya uvuvi na samaki walioanikwa, mambo ambayo ameyazoea kwao.

Jambo litakalomshangaza ni saa. Saa ya Msumbiji iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja kamili, ingawa jua la Olumbi ni lile lile la Mtwara. Mwezi wa Juni jua huzama huko yapata saa kumi na moja jioni, na hata mwezi wa Desemba halingoji saa kumi na mbili. Isitoshe, katika nchi zilizo karibu na Ikweta giza haliji polepole. Jua likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu mtu hawezi tena kusoma gazeti nje.

Kwa sababu hiyo mvuvi aliyekwisha kuuza samaki wake, au mwalimu aliyekwisha kufunga darasa, hubakiwa na muda mfupi tu wa kucheza uwanjani. Mpira wa miguu hukoma mapema. Michezo inayobaki ni ile ambayo pwani yote huicheza barazani na ndani ya nyumba, yaani bao, drafti na karata. Taa huwa moja, aghalabu ndogo, na watu hukusanyika kuizunguka. Mwenye kamera au simu hutaka kuipata picha ya kusanyiko hilo, naye mara nyingi huambulia giza tupu lenye madoa, au nyuso zilizopauka kama zimepakwa unga.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mtu huyo. Yatamfaa pia askari ambaye mchezo wake wa ndani ni tenisi ya meza, vishale au ngumi katika bwalo la kambi, kwa kuwa shida ya mwanga ni moja.

THAMANI YA PICHA HIZO

Huenda msomaji akauliza kwa nini tuchague mahali kama Olumbi, badala ya ukumbi mkubwa wa michezo wenye taa nyingi. Jibu lake liko katika historia ya karibuni. Tangu mwezi Oktoba 2017, mapigano yalipoanzia Mocímboa da Praia, watu laki kadhaa wa Cabo Delgado waliyahama makazi yao. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma wenyewe ulishambuliwa. Vijiji vingi vya jimbo hilo vilikimbiwa na vingine vilichomwa moto. Majeshi ya Rwanda yalifika mwezi Julai 2021. Mwezi huo huo likafika jeshi la nchi za Kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolichangia askari, na jeshi hilo lilimaliza kazi yake mwaka 2024.

Familia inayokimbia usiku hubeba mtoto, maji na nguo. Haina nafasi ya kuchukua picha zilizotundikwa ukutani. Nyumba inapoungua, sura ya babu aliyefariki mwaka uliotangulia huungua pamoja nayo, na wajukuu hukua bila kujua pua zao walizirithi kwa nani. Basi picha moja ya mzee akicheza bao, iliyopigwa vizuri na kurudishwa mikononi mwa wenyewe, si kitu kidogo katika nyumba ya namna hiyo. Yawezekana ikawa ndiyo picha pekee waliyo nayo.

IACHE TAA YA KAMERA

Mtu asiyezoea huwasha taa ya kamera mara aonapo giza. Ziko sababu tatu za kuiacha.

Kwanza, taa hiyo haiendi mbali. Ile ya simu huishia mita mbili au tatu. Aliye karibu huonekana mweupe kupita kiasi, na waliomzunguka humezwa na giza. Mwanga wa kibatari au wa taa ndogo ya sola, uliokuwa ukiwaunganisha wachezaji na watazamaji wao, hupotea kabisa, na picha haisemi tena ilipigwa wapi.

Pili, huharibu mchezo. Katika mashindano ya tenisi ya meza na ya jimnastiki, wapiga picha hukatazwa kutumia taa ya kamera, kwa sababu mchezaji akipigwa mwako machoni hupoteza mpira au hukosea hatua na kuumia. Mzee anayehesabu kete kichwani anastahili heshima hiyo hiyo.

Tatu, na kwa Olumbi hii ndiyo kubwa zaidi, watu waliowahi kukimbia usiku wakiacha moto nyuma yao hawapendi mwanga wa ghafula gizani. Mtoto ataruka, na mama atashika kifua. Picha utapata, lakini utakuwa umeinunua kwa hofu ya watu waliokukaribisha. Ulinzi nao wana macho, na mwako wa taa usiku katika eneo lenye askari waweza kufahamika vibaya. Askari mwenyewe analijua hilo kuliko mwandishi.

Kwa hiyo hapana budi kujifunza kuutumia mwanga uliopo.

HESABU YA MWANGA

Yafaa tuanze kwa kulinganisha. Jua la adhuhuri hutoa mwanga wa lux zipatazo 100,000. Mshumaa mmoja, kwa umbali wa mita moja, hutoa lux moja. Chumba chenye taa nzuri ya nyumbani huwa na lux kama 100. Jicho la binadamu hujirekebisha bila sisi kutambua, hivyo hudhani kwamba chumba kina mwanga wa kutosha. Kamera haidanganyiki hivyo.

Kamera ina mambo matatu ya kupangwa. La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi. Namba ikiwa ndogo, kama f/1.8 au f/2, tundu ni pana na mwanga mwingi huingia. La pili ni muda ambao kilango cha kamera, ambacho mafundi hukiita shata, hubaki wazi. La tatu ni wepesi wa filamu au wa kamera kupokea mwanga, unaoandikwa kwa namba za ISO. Kila namba ya ISO inapoongezwa mara mbili, muda unaohitajika hupungua nusu.

Tuchukue mfano. Katika chumba cha lux 100, ukiweka ISO 1600 na tundu f/2, kilango chaweza kufunguka kwa 1/160 ya sekunde. Muda huo watosha kumpata mcheza bao bila kutikisika. Chumba kikiwa na robo ya mwanga huo, utahitaji 1/40 ya sekunde, na hapo mkono wa mchezaji utaacha mkia kama wa kimondo. Ukipandisha ISO kufika 6400, utarudi kwenye 1/160. Picha itakuwa na chengachenga, lakini chenga si dhambi. Watu wataitambua sura yenye chenga, ila sura iliyotikisika hawataitambua.

Mwenye kamera inayobadilishwa lenzi na anunue lenzi ya milimita 50 yenye tundu f/1.8. Aghalabu ndiyo lenzi yenye bei nafuu kuliko zote, nayo hupokea mwanga zaidi ya mara tatu kuliko lenzi ya kawaida ya kuvuta inayoishia f/3.5. Akumbuke tu kwamba tundu likiwa pana, ni sehemu ndogo tu ya picha itakayoonekana wazi. Itabidi achague uso au mkono. Akiwa na shaka, achague jicho.

Mwenye simu naye asikate tamaa. Kwanza apanguse kioo cha kamera kwa kitambaa safi na laini, maana pwani hewa ina chumvi, na vidole vilivyoshika samaki huacha mafuta. Picha nyingi zinazodhaniwa kuwa mbaya kwa sababu ya giza ni mbaya kwa sababu ya uchafu. Pili, asivute picha kwa vidole, bali asogee yeye. Tatu, aguse uso wa mchezaji kwenye kioo, ili simu ipime mwanga wa uso na si wa ukuta. Nne, aiegemeze simu juu ya kinu, kiti au nguzo ya baraza. Ule mpango wa usiku ulio katika simu nyingi huunganisha picha kadhaa kwa muda wa sekunde moja au zaidi. Ni mzuri kwa wazee wanaowaza, lakini haufai mkono unaotembea.

SOGEZA MCHEZO, SI TAA

Mwanga wa taa ndogo hupungua upesi kwa umbali. Aliye mita mbili kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita moja, na aliye mita tatu hupata sehemu moja ya tisa. Kwa hiyo kusogeza bao hatua moja kuelekea kwenye taa ni sawa na kununua lenzi mpya, na hakuna gharama.

Kabla ya jua kuzama, mlango ndio taa bora. Lakini kamera ikielekezwa mlangoni hupima weupe wa nje, na mchezaji huwa kivuli cheusi. Mpiga picha na asimame pembeni mwa mlango, aupe mgongo mwanga, na wachezaji wauelekee. Nyumba yenye ukuta uliopakwa chokaa humsaidia, kwa sababu chokaa hurudisha mwanga. Penye ukuta wa udongo, shuka jeupe likishikwa na kijana upande wa giza litafanya kazi hiyo hiyo. Kanzu ya mtazamaji aliyeketi mahali panapofaa imewahi kuangaza nyuso nyingi bila mwenyewe kujua.

Kuhusu rangi ya ngozi, lipo jambo la kukumbuka. Kamera hudhani kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu ya wastani, na kwa dhana hiyo hupima mwanga. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na watu weusi penye mwanga mdogo walitoka bila sura, macho na meno tu. Mfaransa Jean-Luc Godard, mtengenezaji wa sinema aliyefanya kazi Msumbiji miaka ya 1977 na 1978, husimuliwa kwamba alizilaumu filamu za Kodak kwa sababu hiyo. Kamera za leo ni bora, lakini dawa haijabadilika. Pima mwanga usoni, wala usijali taa ikitoka nyeupe mno pembeni mwa picha.

Mfano wa kazi hiyo haukosi. Ricardo Rangel, aliyezaliwa Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo, mwaka 1924 na kufariki mwaka 2009, alianza kazi katika chumba cha giza cha kusafishia picha. Mwaka 1952 aliingia katika gazeti la Notícias da Tarde, akiwa mpiga picha wa kwanza asiye Mzungu katika magazeti ya koloni hilo. Picha zake zinazojulikana sana ni za usiku, katika mabaa ya Rua Araújo, alizozipiga kwa mwanga wa mahali penyewe. Ukizitazama utaona kwamba giza limeachwa libaki giza. Nyuso chache tu zimeshika mwanga, na hizo ndizo zinazosimulia habari yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha Maputo kituo cha kuwafundisha vijana upigaji picha.

UJUE MCHEZO

Penye mwanga mdogo huwezi kuushika mwendo wote. Waweza kushika kituo tu, na kila mchezo una vituo vyake. Ndiyo maana anayeujua mchezo hupata picha ambayo mwenye kamera ya bei kubwa huikosa.

Chukua bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Mwanzoni kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni na 22 za akiba. Katika hatua ya kunamua huingiza kete moja kila zamu, katika safu yake ya mbele. Hivyo mahali mkono utakapotua panatabirika, na mpiga picha aweza kuielekeza lenzi hapo mapema na kungoja. Ikifika hatua ya mtaji, mkono huzunguka ubao kwa haraka, na kuukimbiza ni kazi bure. Lakini kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo hulala, na mkono husimama. Wakati huo mchezaji huinua uso, mpinzani hutabasamu au hukunja kipaji, na watazamaji hupumua. Bonyeza hapo. Kwa 1/60 ya sekunde utawapata wote.

Katika bwalo la kambi mambo ni hayo hayo. Mpira wa meza hurushwa juu angalau sentimita 16 kabla ya kupigwa, na unapofika kileleni husimama kitambo kabla ya kuanguka. Macho ya mchezaji yote huwa yameuelekea. Mrusha vishale hutulia kabla ya kuachia. Katika ngumi, mkono ulionyooka mpaka mwisho husita kabla ya kurudi. Hata hivyo ngumi hutaka 1/500 ya sekunde, na bwalo lenye taa mbili halitoi muda huo. Basi subiri ile dakika moja ya mapumziko, bondia akiwa ameketi pembeni na mwalimu wake ameinama mbele yake. Picha hiyo hueleza pambano kuliko ngumi yenyewe.

Titus Simba, bondia wa Tanzania, alirudi na medali ya fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Alcinda Panguana wa Msumbiji alipata medali ya fedha katika ubingwa wa dunia wa wanawake huko Istanbul mwaka 2022. Watakaowafuata wanafanya mazoezi leo katika vyumba vyenye taa moja, na yafaa mtu ajue kuwapiga picha humo.

Penye taa ndefu za mrija, kumbuka kwamba umeme wetu wa mizunguko 50 huzifanya zififie na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Kilango kikifunguka kwa kasi sana, picha moja hutoka njano na inayofuata hutoka giza. Ukiweka 1/100 au 1/50 ya sekunde, zote zitalingana. Mchezo ukidai kasi zaidi, piga nyingi na uchague.

ADABU YA MGENI

Anayetaka kufika Olumbi aulize kwanza hali ya njia, na apate ruhusa ya wakuu wa mahali. Asipige picha kizuizi, gari la jeshi wala askari aliye kazini. Afikapo nyumbani kwa watu apige hodi, asalimie wakubwa kwanza, aketi na atazame mchezo mmoja mpaka uishe, kamera ikiwa mfukoni. Kisha aombe. Akiambiwa hapana, hilo ni jibu kamili. Yumkini mtu huyo ana ndugu anayemtafuta, au ana adui ambaye hataki ajue alipo. Kwa sababu hiyo hiyo asiisambaze picha ya mtu pamoja na jina la kijiji chake bila idhini yake.

Akikubaliwa, ajue kwamba amechukua deni. Picha iliyo ndani ya simu hupotea pamoja na simu. Mpiga picha na aende studio Palma, Mtwara au popote atakapofika, aichapishe kwenye karatasi, na nyuma yake aandike kwa penseli laini jina la aliyepigwa, mahali, siku, mwezi na mwaka. Nakala moja aipeleke kwa mwenye sura, au aitume kwa mkono wa msafiri mwaminifu. Nakala ya pili apewe jamaa anayeishi kijiji kingine, ili nyumba moja ikipatwa na balaa, nyingine iwe bado inayo. Karatasi hizo zikitiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki, zitakuwa tayari kubebwa saa yoyote.